Pua Haitoshi: Hewa ya Nyumba Zetu na Wajibu wa Kamati za Sharika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo na diakonia za sharika. Tunaichapisha hapa kwa ombi la wajumbe, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika na ya marafiki na wafadhili wetu walio mbali.)



Namshukuru Mungu aliyetufikisha salama, hasa ninyi mliotoka sharika za milimani ambako barabara bado ni utelezi. Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya hewa ya ndani ya nyumba. Najua wengine mlipoiona mada hii kwenye ratiba mlitazamana. Mradi wa maji tunaujua, tumechimba visima. Mradi wa ng'ombe tunaujua. Mradi wa hewa ni kitu gani? Hewa ni bure, Mungu ameimwaga kila mahali, nani atuandikie hundi kwa ajili ya hewa?

Naomba mnivumilie kidogo. Mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula, na siku moja au mbili bila maji. Bila hewa hamalizi dakika kumi. Maji tunayachemsha, chakula tunakiosha, lakini hewa tunaivuta kama ilivyo, usiku na mchana, na kipimo chetu pekee ni pua. Neno langu leo ni moja tu: pua haitoshi. Nitaligawa katika sehemu tatu, yaani harufu ngeni, harufu iliyozoeleka, na hewa isiyo na harufu. Baada ya hapo nitasema sisi wa ofisi ya miradi tulikosea wapi, na tunaomba nini kwenu.

HARUFU NGENI

Naanza mbali, kwa wageni wetu. Mama mmoja wa usharika rafiki huko Minnesota, Marekani, ambaye amewahi kulala katika nyumba zetu na kula ugali wetu, aliniandikia kwamba nyumba yao inanuka. Nilishangaa, maana nyumba za kule tunaziona kwenye picha, ni nzuri na safi.

Akanieleza. Kule wakati wa baridi maji ya ziwa hugeuka barafu ngumu hata gari likapita juu yake. Ili joto lisitoroke, kuta na dari hujazwa vitu vya kuzuia baridi. Siku hizi wengi hutumia povu la kupulizia. Fundi huja na mapipa mawili ya dawa za maji. Dawa hizo hukutana kwenye ncha ya mpira wa kupulizia, zikigusa ukuta zinaumuka kama maandazi, halafu zinakauka na kuwa ngumu. Kila ufa unazibwa. Kazi ikifanyika vizuri, nyumba hutumia moto kidogo sana.

Lakini katika pipa moja mna kemikali za kundi la isosianeti, na hizo zinajulikana kusababisha pumu, hasa kwa mafundi wanaozivuta kila siku. Ndiyo maana fundi anayepulizia huvaa kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje, na wenye nyumba hutakiwa kuhama mpaka povu likauke na nyumba ipunge hewa. Katika pipa la pili mna dawa za kuharakisha ukaukaji, na baadhi yake hunuka kama samaki. Mapipa yasipochanganywa kwa kipimo sawa, au yakiwa baridi kupita kiasi, au povu likipuliziwa nene mno kwa mara moja, linaweza lisikauke sawasawa, na harufu ikabaki miezi mingi.

Hilo ndilo lililompata yule mama. Fundi alimwambia harufu itaisha yenyewe. Majirani wakamshauri aweke marashi. Mumewe akasema yeye hasikii kitu. Mama alikataa. Alisema, "Harufu hii haikuwepo, sasa ipo, kwa hiyo kuna jambo." Akafungua madirisha katika baridi ileile, akahamisha watoto chumba kile, akadai ukuta ukaguliwe. Walipokata kipande walikuta sehemu moja imebaki laini kama unga uliokandwa vibaya. Ikang'olewa. Nyumba ikapona.

Wenzetu wamelijifunza hili kwa gharama. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, watu wa nchi za baridi walianza kuziba nyumba zao kwa bidii. Huko Kanada nyumba nyingi zilijazwa aina nyingine ya povu, iliyokuwa ikitoa mvuke wa fomaldehaidi, na watu wakalalamika macho, pua na vifua. Serikali ya huko ililipiga marufuku povu hilo mwezi Desemba 1980. Walipoizuia baridi isiingie, walikuwa wameizuia pia hewa chafu isitoke.

Sasa tusiwacheke. Na sisi tuna harufu ngeni zetu. Ninyi wenyewe mnajua jinsi tunavyofanya: darasa la chekechea linapakwa rangi ya mafuta siku ya Ijumaa, Jumatatu watoto wanaingia, mwalimu anasema "harufu ya rangi mpya" kwa furaha. Rangi ile ina tina, na mvuke wa tina unaumiza kichwa cha mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka minne. Ofisi mpya ya usharika inawekewa makabati ya plaiwudi, halafu madirisha yanafungwa kwa sababu ya vumbi. Jikoni kwetu tunawashia mkaa kwa kipande cha plastiki au cha tairi, na moshi ule mweusi unapita puani mwa mama aliyeinama kupuliza. Kanuni ya yule mama inatufaa na sisi: harufu ngeni ni shahidi. Msikilize, mtafute anatoka wapi, fungua madirisha, ondoa chanzo. Usimzibe mdomo kwa marashi.

HARUFU ILIYOZOELEKA

Shahidi huyu ana udhaifu mmoja. Anachoka. Ukiingia chumba chenye harufu kali, baada ya dakika chache huisikii tena. Harufu haijaondoka, ila pua imezoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Nilikua katika nyumba yenye jiko la mafiga matatu katikati. Dari ilikuwa nyeusi, masizi yananing'inia kama nyuzi za buibui. Hakuna aliyesema nyumba inanuka moshi. Nilipopelekwa shule ya bweni ndipo wenzangu wa mjini walipoziba pua karibu na blanketi langu. Siku ile niliona aibu. Leo sioni aibu, lakini nakumbuka kwamba bibi yangu alikohoa maisha yake yote na kwamba macho yake yalifunikwa na mtoto wa jicho kabla ya uzee. Sisi tulisema ni uzee.

Tujue moshi wa kuni ni nini. Ndani yake mna chembe ndogo sana. Zile zinazoogopwa zaidi na madaktari zina upana usiozidi mikromita 2.5, yaani ungepanga karibu 30 ndipo ufikie upana wa unywele mmoja. Nywele za puani haziwezi kuzizuia. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwa wastani wa mwaka chembe hizo zisizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jikoni mwetu, penye kuni mbichi na mlango mmoja, hewa hupita kiwango hicho mara makumi, na wakati wa kupika hata mara mia.

Shirika hilohilo linakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Hufa kwa kichomi. Watu wazima hufa kwa magonjwa ya moyo, kiharusi, kikohozi sugu cha mapafu na saratani ya mapafu. Hakuna cheti cha kifo kinachoandikwa "moshi". Ndiyo maana hatuoni msiba wa moshi kijijini, ingawa tunazika.

Na tuseme wazi ni nani anayeuvuta. Wajumbe wengi wa kamati zetu ni wanaume, na mwanaume hukaa sebuleni au uani akisubiri chakula. Anayekaa jikoni ni mama, binti yake, na mtoto mchanga aliye mgongoni. Jambo lisiloumiza macho ya wajumbe huchelewa kuingia kwenye ajenda.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba utulivu.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ni kweli. Lakini kuna moto usiofuka moshi, nao ndio hatari zaidi. Mkaa ukishashika na kuwa mwekundu hautoi moshi wala harufu. Watu wengi husema, "Acha uwake nje kwanza, ukiwa mwekundu ndipo uingize chumbani, hauna tena madhara." Maneno haya yameua watu. Mkaa mwekundu unatoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Katika damu yetu kuna kitu kinachobeba hewa ya oksijeni na kuipeleka mwilini. Gesi hii hukishika kitu hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, lakini mwili unanyimwa hewa.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, mlinzi wa usharika mmoja wa dayosisi yetu alikutwa asubuhi amefariki katika kibanda chake. Alikuwa kijana, aliyepata Kipaimara katika usharika uleule. Usiku ule ulikuwa na baridi kali. Aliingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango, akajifunika koti. Alikutwa amekaa, kana kwamba anasinzia.

Yakaanza maneno. Wengine walisema amelogwa. Wengine walimtaja jirani aliyempelekea ugali jioni ile, kwamba amemtilia sumu. Jirani yule alikaa wiki mbili bila kutoka nyumbani, mpaka daktari alipokuja kanisani, kwa ombi la Mchungaji, kueleza kilichotokea. Kutojua kulikuwa karibu kuzaa msiba wa pili.

Nilikwenda kutoa pole. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mbona hakupiga kelele?" Nikamweleza kwamba gesi ile humlegeza mtu. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, halafu usingizi. Anapotaka kusimama, miguu haimtii. Pua yake haikumwambia kitu kwa sababu hapakuwa na cha kunusa.

Ndugu zangu, sikumwambia mama yule jambo jingine, na leo nalisema mbele yenu. Kibanda kile kilijengwa kwa fedha za mradi wetu. Mchoro niliusaini mimi. Katika mchoro wa kwanza kulikuwa na dirisha moja na matundu ya hewa juu ya mlango. Tuliyaondoa. Sababu ya kwanza ilikuwa kupunguza gharama. Sababu ya pili ni kwamba tulikusudia kuhifadhi sementi mle ndani, tukaogopa wezi. Tulifikiria sementi, hatukufikiria kwamba atakayelinda sementi ni mtu anayepumua, na kwamba Julai kwetu ni baridi. Sisemi kwamba matundu yale yangemwokoa. Mkaa ni hatari hata penye dirisha. Lakini hatukumpa koti zito, hatukumpa blanketi, hatukumwambia neno lolote juu ya mkaa. Taarifa ya mradi ule ilisomeka vizuri: kibanda kimekamilika, fedha zimetumika kama ilivyopangwa.

Nimekwenda tena kwa mama yule baadaye na kumwambia. Alinisikiliza. Hakusema neno juu ya mchoro. Alisema tu, "Basi waambieni wengine." Hotuba hii ndiyo utekelezaji wa agizo lake.

TULIKOSEA WAPI

Kosa lile lilitufanya tutazame upya miradi mingine, hasa majiko banifu. Wafadhili wetu wanakumbuka picha za majiko yale ya udongo yenye bomba la kutolea moshi. Tulijenga, tukapiga picha, tukahesabu, tukatuma taarifa. Tuliporudi nyumba kwa nyumba, bila kuwajulisha watu mapema, tulikuta mambo tofauti. Mengine yalikuwa yakitumika vizuri na akina mama walishukuru. Mengine bomba lilikuwa limeziba kwa masizi na moshi umerudi ndani. Mengine yalikuwa yamegeuzwa rafu ya vyombo, na mafiga matatu yanawaka pembeni.

Tuliuliza kwa nini. Majibu yalikuwa ya busara. Mama mmoja alisema sufuria ya ugali wa familia yake haikai kwenye tundu letu. Mwingine alisema fundi aliyejenga hakurudi, na yeye hawezi kupanda juu ya bati kusafisha bomba. Bibi mmoja alinijibu kwa upole: "Mwanangu, jiko lenu linapika, lakini halinipashi joto. Usiku nitaota wapi?" Hatukuwahi kumuuliza swali hilo kabla ya kujenga.

Hatuko peke yetu. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, na pia Chikwawa kusini mwa nchi hiyo, ulifanyika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2017. Watoto zaidi ya 10,000 walifuatiliwa. Nyumba za kundi moja zilipewa majiko bora ya kuni yenye feni, nyingine ziliendelea na moto wa kawaida. Mwishoni, kichomi kwa watoto hakikupungua. Majiko yaliharibika na kuhitaji matengenezo, watu waliendelea kuwasha mafiga, na moshi mwingine ulitoka kwenye takataka zinazochomwa na nyumba za jirani. Huko Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitumia majiko yenye bomba. Moshi uliowapata watoto ulipungua karibu nusu. Kichomi kikali kilipungua kwa takriban theluthi moja, lakini kwa jumla ya kichomi tofauti haikuwa ya wazi.

Nayasema haya mbele ya wafadhili kwa makusudi, ingawa mwenzangu mmoja ofisini alinionya kwamba nitawakatisha tamaa. Sidhani. Jiko bora lina faida, linapunguza kuni na mzigo wa kichwani. Ila kupunguza moshi nusu si kulinda kifua cha mtoto. Ni lazima moshi upungue sana, katika nyumba nzima, kila siku, mvua ikinyesha au isinyeshe. Hilo halifanywi na jiko peke yake. Linafanywa na jiko, dirisha, kuni kavu, bomba safi, na mtu anayerudi kuuliza.

GESI NAYO

Serikali yetu ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kanisa linaunga mkono. Shule, vyuo na hospitali zetu zinazopikia watu wengi zinatakiwa kuachana na kuni na mkaa, na kazi hiyo imeanza. Lakini tusiende kwenye gesi kwa mazoea ya kuni.

Gesi ya mtungi yenyewe karibu haina harufu. Ile harufu mbaya mnayoisikia imetiwa kiwandani kwa makusudi ili pua iweze kuonya. Watu walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1937 shule moja katika mji wa New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja bila mtu kuinusa, na watu karibu 300 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo ikawa sheria huko kutia harufu kwenye gesi. Kwa hiyo ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka nje. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni. Jiko la gesi linahitaji tundu la hewa chini karibu na sakafu, si juu tu.

TUNAYOOMBA

Ndugu wajumbe, Halmashauri Kuu imekubali mambo manne, na utekelezaji wake uko mikononi mwenu.

(i) Kuanzia sasa hakuna jengo la mradi, liwe darasa, nyumba ya mtumishi, stoo au kibanda cha mlinzi, litakaloidhinishwa bila njia mbili za hewa zinazotazamana. Kamati ya usharika itazame mchoro kabla ya fundi kuanza. Wezi wazuiwe kwa nondo na wavu, si kwa kuziba ukuta.

(ii) Hakuna jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hata likiwa jekundu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, maana gesi hii hainyonywi na maji. Tangazo hili lisomwe kanisani kila mwaka kabla ya majira ya baridi, na katika kila mkesha na kambi ya vijana. Mtu akikutwa amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize hospitali akapewe oksijeni. Usikae ndani kumpepea. Na kila usharika wenye mlinzi umpatie koti zito na mablanketi. Hiyo ni gharama ya ulinzi kama ilivyo tochi.

(iii) Darasa au ofisi iliyopakwa rangi ya mafuta isitumike mpaka imekaa wazi siku kadhaa na harufu imeisha. Wanaopaka wafanye kazi na madirisha wazi. Tuache kuwashia moto kwa plastiki na tairi.

(iv) Kila jiko tunalojenga litatembelewa kwa muda wa mwaka mzima. Taarifa zetu hazitahesabu tena majiko yaliyojengwa. Zitahesabu majiko yanayotumika, mabomba yaliyosafishwa, na nyumba ambamo mafiga ya ndani yamezimwa. Kabla ya kujenga, mama mwenye jiko ataulizwa sufuria yake ni kubwa kiasi gani, na bibi ataulizwa ataota moto wapi.

Kwa ndugu zetu wafadhili nina neno moja. Idadi tutakayowaletea mwaka huu itakuwa ndogo kuliko ya zamani. Msidhani tumelegea. Tumeomba sehemu ya fedha za kujenga zihamishiwe kwenye ufuatiliaji, nauli za mafundi na mafunzo ya akina mama wawili katika kila mtaa watakaokuwa walezi wa majiko. Ufuatiliaji haupigwi picha nzuri. Lakini ndugu yetu wa Minnesota alikata ukuta wake uliokuwa umemalizika na kulipiwa kwa sababu alijali watoto waliolala ndani. Tunaomba mtuache na sisi tukate kuta zetu.

Mwisho, tunasoma katika Injili kwamba usiku ule wa baridi, Petro na watumishi waliota moto wa makaa. Walikuwa uani, nje. Tumehubiri mara nyingi juu ya alivyomkana Bwana pale. Leo nawaomba mkumbuke pia moto ule ulikuwa wapi.

Tukirudi nyumbani leo jioni, kila mmoja wetu asimame mlangoni mwa jiko lake kabla ya kuingia, baada ya kukaa nje kwenye hewa safi kwa muda, na anuse kama mgeni. Kisha amuulize anayepika humo anakohoa tangu lini. Majibu mtakayoyapata yaleteni kwenye kikao kijacho cha kamati, nasi tutaanzia hapo.